Mke wangu ana faili Uhamiaji, mimi nina mashindano Arusha

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Kibosho, nina miaka 36, naishi Majengo hapa Moshi na nina duka la vifaa vya umeme jirani na soko la Mbuyuni. Mke wangu ni Mkenya, kwao ni Taveta. Tulikutana msibani Himo, mambo yakaenda, wazee wakavuka na mbege na mahari, kisha tukafunga ndoa ya serikali hapa Moshi. Mungu ametupa binti mmoja, yuko chekechea.

Miaka yote hiyo mke wangu aliishi kwa pasipoti yake ya Kenya. Siku zikikaribia kuisha anapanda Noah hadi Holili mpakani, anavuka, analala kwa mama yake, anarudi na muhuri mpya. Tuliona ni kawaida, maana hata majirani zetu wanavuka kwenda sokoni Taveta na kurudi. Alikuwa na saluni ndogo ya kusuka, leseni ilikuwa kwa jina langu, na nikisema ukweli kuna miezi saluni ndiyo iliyolipa kodi ya duka. Julai 2025 serikali ikatangaza biashara ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya, saluni ikiwemo. Akafunga siku ileile. Dreya mbili ziko chumbani kwetu, zimefunikwa kanga.

Tangu hapo amekuwa mtu wa karatasi. Anataka hati ya kuishi nchini kama mke wa raia, na mbele ya safari uraia. Kila jioni meza ya chakula imejaa nakala: cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, picha zangu na zake. Sasa imegundulika kwamba jina la baba yake kwenye pasipoti lina herufi "h" katikati, na kwenye cheti cha ndoa halina. Herufi moja, Shangazi! Kwa herufi hiyo ameshaenda na kurudi mpaka viatu vimeisha soli.

Mimi ni mpanda baiskeli. Si wa kulipwa, ni wa kupenda tu. Nina baiskeli ya mbio ya mtumba niliyoinunua milioni moja na laki mbili, na tuko kikundi cha watu wa kila aina: mwalimu, dereva wa watalii, daktari wa meno, fundi magari. Katikati ya wiki tunatoka saa 11 alfajiri. Jumamosi ndiyo siku yenyewe: Moshi, Himo, hadi Holili na kurudi, na mwenye miguu anakata kushoto pale Himo apande Marangu. Septemba ile ya 2025 mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, nilitazama kwenye simu dukani mpaka wateja wakawa wanajichukulia balbu wenyewe. Nikaona na sisi tunaweza. Tangu wakati huo nimeongeza mazoezi, na nimebadilisha gia na tairi, laki nne na nusu.

Ugomvi ulianza hivi. Mke wangu alipewa Ijumaa ya kwenda ofisini na mumewe. Jumamosi yake nilikuwa na mashindano Arusha, na wenzangu tulishapanga kwenda Ijumaa asubuhi tulale kule, tuikague njia. Nikamwambia aende na dada yangu. Dada ni mtu mzima, ana kitambulisho, anatujua tangu mwanzo. Kufika kule afisa akauliza: aliyeoa ni kaka au ni dada? Wakarudishwa. Mimi nikarudi Jumapili na nafasi ya tisa kati ya watu zaidi ya thelathini, nikitegemea japo pongezi, nikakuta mtu amenuna na chakula kimefunikwa.

Siku hizi baiskeli anaiita "bi mdogo". Akinipigia simu niko njiani anasema, "Msalimie mke mwenzangu." Mbele ya mama yangu alisema hivi: "Yeye anakwenda Holili kufurahi, mimi nakwenda Holili nikiomba Mungu." Mama akanitazama mimi, kana kwamba nimeua.

Shangazi, mimi sinywi. Sina mwanamke nje. Usiku wa saa 3 niko kitandani. Kuna wanaume wanamaliza mauzo ya duka baa na wake zao hawasemi. Hela ya nauli na nakala natoa mimi. Nimempa hata suluhisho: aukane uraia wa Kenya, aombe wa Tanzania, yaishe. Badala ya kushukuru akalia. Tena kuna kijana mmoja anayeshinda maeneo yale ya ofisi, ameniambia nikimpa laki sita hati inatoka ndani ya wiki, herufi au si herufi.

Mwezi ujao kuna mashindano mengine Arusha na nataka kuingia tano bora. Je, nimpe kijana laki sita ili nyumba itulie? Na je, nimekosa nini kumwambia achukue uraia? Baiskeli siachi, hilo nalisema mapema.

Baba wa Mmoja, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa nafasi ya tisa. Naona nyumbani hukupewa, basi ipokee hapa.

Nianze na kijana wa laki sita, maana huyo anaweza kukuharibia kabla hujamaliza kusoma. Usimpe hata nauli. Maombi ya Uhamiaji siku hizi yanajazwa kwenye mfumo wa mtandao wa Idara, na malipo ya serikali yanalipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa kwa jina la mwombaji, benki au kwa simu. Hakuna hatua inayopita mfukoni mwa mtu aliyesimama chini ya mti. Akikuletea hati ndani ya wiki, jiulize imegongwa wapi. Siku ikikaguliwa Holili, atakayetolewa kwenye foleni ni mkeo na mtoto mkononi, kijana atakuwa amebadilisha laini ya simu. Herufi "h" haitapotea kwa laki sita. Itakuwa imefichwa tu, na itaibuka kwenye ombi la uraia ambako wanapekua zaidi.

Sasa tuje kwako. Umeandika barua nzima ukiliita faili lile "lake". Ndiyo, jina lake liko juu. Lakini msingi wake ni wewe. Anaomba kukaa Tanzania kwa sababu moja tu, kwamba ni mke wa Mtanzania, na Mtanzania mwenyewe ni wewe. Kitambulisho cha NIDA kinachotakiwa ni chako. Cheti cha kuzaliwa kinachothibitisha uraia ni chako. Barua ya mwenyekiti wa mtaa itasema anaishi kwako, na mwenyekiti anayekufahamu tangu unavaa kaptula ni wako. Afisa aliyeuliza "aliyeoa ni nani" hakuwa na jeuri. Kazi yake ni kujua kama ndoa ipo au ipo kwenye karatasi tu, maana watu wanaoa kwa ajili ya hati kila mwaka. Mume akikosekana bila sababu, na aliyetumwa ni wifi, unadhani aliandika nini pembeni ya faili?

Hapo kwenye wifi nikae kidogo. Mkeo ni mgeni katika ukoo wako na ni mgeni katika nchi. Umempeleka akahojiwe kuhusu ndoa yake mbele ya dada wa mume. Maswali mengine ni ya chumbani: mnalala wapi, nani analipa kodi, mara ya mwisho kwenda kwao ni lini na kwa nini. Ungekuwa wewe, ungependa kuyajibu shemeji yako ameketi pembeni anakohoa?

Halafu hiyo sababu ya kazi usinipe, maana hukuitoa na nakushukuru. Ofisi za serikali zinafunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, na duka la Mbuyuni funguo zake zimo mfukoni mwako. Jumamosi unalifunga ukaenda Marangu na wateja wanasubiri. Basi kulifunga unaweza. Suala ni unalifungia nini.

Maneno ya mkeo kuhusu Holili ndiyo moyo wa barua yako, ingawa wewe umeyaleta kama shitaka. Fikiria barabara ileile. Wewe unatoka na wenzako, mnapokezana kukata upepo, mnafika mpakani mnakunywa soda, mnapiga picha, mnageuza. Yeye anapanda Noah na pasipoti iliyojaa mihuri ya Holili, kila mmoja unafanana na uliotangulia. Pasi ya mgeni ni ya kutembelea. Afisa akiona mtu anatoka siku mbili na kurudi, mwaka hadi mwaka, ana haki ya kumwambia: mama, wewe si mgeni, wewe unaishi huku, kalete hati. Siku hiyo atabaki ng'ambo na binti yenu atabaki Majengo. Hilo ndilo analoliombea Mungu ndani ya Noah. Na kila Jumamosi anakuona unarudi kutoka palepale umetoka jasho, unacheka. Baiskeli haimsumbui kihivyo. Kinachomuuma ni kwamba hujawahi kuufikia mpaka huo ukiwa naye.

Kuhusu saluni, nikuonye wewe zaidi yake. Amri ile ya Julai 2025 ilitaja biashara 15, na saluni imo, isipokuwa ile iliyo hotelini au kwa ajili ya utalii. Adhabu kwa asiye raia ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo hadi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Wengi walisoma hapo wakaacha. Ukiendelea kusoma utakuta na raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo ana faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Leseni ilikuwa kwa jina lako, mwanangu. Mkeo alipofunga siku ileile alikuwa anakulinda na wewe, na sidhani kama kuna mtu alimshukuru. Kenya ililalamika, ikataja Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza Julai 2010, na maneno mengi yamesemwa tangu hapo. Maneno ya redioni hayafungui mlango. Kabla kanga haijatoka kwenye zile dreya, nenda wewe kwa afisa biashara wa manispaa upate jibu lililoandikwa.

Wala msidhani hati ya kuishi kama mke itamrudisha saluni. Hati ya mfuasi, ile apewayo mtu anayeishi kwa kumtegemea mwenyeji wake, ni ya kukaa. Akitaka kuajiriwa kuna kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi, kwa Sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia. Kwa biashara, nimeshasema. Kwa hiyo ndani ya nyumba yenu kuna mtu aliyezoea kushika hela yake, ambaye kwa muda atakula kwa mkono wako. Katika miezi hiyohiyo umenunua gia na tairi za laki nne na nusu. Hujamwibia, najua. Ila hesabu hiyo anaipiga kila unapoifuta cheni kwa kitambaa.

Turudi kwenye herufi. Umeicheka, na mimi ningeicheka kama nisingejua watu waliokaa mwaka kwa sababu ya nukta. Utaratibu wake ni huu: kwanza mjue jina sahihi ni lipi kwa asili, yaani lile la cheti chake cha kuzaliwa cha Kenya. Pasipoti ikifanana na cheti cha kuzaliwa, kosa liko kwenye cheti cha ndoa, na hilo linamalizwa hapa Moshi: mnarudi kwa msajili aliyewafungisha, na wakili anaandaa kiapo kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Wakili wa kiapo hana bei ya kutisha. Lakini kama pasipoti ndiyo iliyokosewa, safari ni ya Kenya, kwenye ofisi zao, siku za kazi. Ikiwa hivyo nenda naye. Baiskeli ukitaka ipakie kwenye Noah, sikatazi, kule kuna lami nzuri ya kuelekea Voi. Ila isishuke kwenye gari kabla karatasi hazijapokelewa dirishani.

Sasa lile "suluhisho" lako. Uliuliza umekosa nini, nami nitajibu kwa urefu kwa sababu wanaume wengi wa mpakani wanalisema kama vile ni kubadilisha laini ya simu.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia kwa msingi wa ndoa yake. (Dada yako akiolewa na Mkenya, mume wake hana mlango huo. Sheria imemwona mke, haijamwona mume. Nalisema tu, si leo la kugombania.) Lakini Tanzania haitaki uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, hivyo siku anapoupokea wa kwetu lazima awe ameukana wa kwao. Kenya ina sura nyingine. Katiba yao ya 2010 inamruhusu mzaliwa wa Kenya kuwa na uraia wa nchi nyingine, na sheria zao zinasema aliyeupoteza kwa kuchukua wa pengine anaweza kuuomba tena. Mlango wa Kenya haufungwi moja kwa moja. Ila akiurudia, huku kwetu atakuwa amejiondoa.

Halafu kuna ardhi, na hapo ndipo machozi yalipotoka, kama nimeisoma vizuri barua yako. Mama mkwe yuko Taveta. Kama ana shamba, na kama mkeo ana fungu lake ndani ya shamba hilo, basi ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya inasema asiye raia anamiliki ardhi kwa mkataba wa upangaji tu, usiozidi miaka 99. Siku atakapoukana uraia, shamba la mama yake halitakuwa lake kwa namna ileile. Na huku Tanzania, kabla hajawa raia, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Unaona alipo? Upande mmoja wa Ziwa Chala, lile la mpakani, atapoteza, upande wa pili bado hajapata. Wewe ukamwambia "yaishe" ukiwa unajaza upepo kwenye tairi.

Sisemi asichukue. Pengine ndilo jambo bora kwake: saluni itafunguka, kura atapiga, Holili atapita kama wewe. Ila ni uamuzi wake, auzungumze na mama yake na ndugu zake kwanza, na wewe uwepo, ukae kimya zaidi ya unavyosema. Kwa sasa hati ya kuishi inatosha kumwondolea ile hofu. Binti yenu hana haraka: kwa baba ni Mtanzania, kwa mama ni Mkenya, na Tanzania itamtaka achague akishakuwa mtu mzima, miaka 18.

Nije kwenye baiskeli, maana umenitahadharisha huachi. Nani kakwambia uache? Mwanaume asiyekunywa, anayelala saa 3, anayetoka jasho alfajiri, nitamwambia apumzike afanye nini? Ninachokuomba ni kupanga upya, na Moshi inakusaidia kuliko miji mingi. Ukitoka mjini kwenda kwenu Kibosho barabara inaanza kupanda mara moja. Muda wa saa moja na nusu alfajiri unakutosha kupanda na kushuka kabla hujafungua duka, na mlima huo ukiupanda kwa nguvu mara mbili kwa wiki miguu haitasahau. Wajuzi wa mchezo wenu wanajua hili: ukipunguza kilomita ukabakiza ukali wa mazoezi, uwezo unadumu kwa wiki nyingi. Safari ndefu ya Jumamosi iwe wiki moja ndiyo, wiki moja hapana, mpaka hati itoke. Ukitaka tambarare, kuna upande wa mashamba ya miwa ya TPC, hakuna malori ya mpakani.

Kuna jambo jingine la barabara ya Himo, nalo si la mazoezi. Alfajiri mabasi ya Dar yanapita hapohapo pamoja na malori yanayokwenda na kutoka Holili, na ninyi mko pembeni mmevaa nyeusi. Sheria ile ya uraia niliyokutajia inasema mke anaomba wakati wowote katika uhai wa mumewe. Soma tena: katika uhai wa mumewe. Basi likikukosea kabla ombi halijaingia, mkeo anazika mume na ule mlango unafungwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo taa nyekundu ya nyuma, kofia ngumu, na jezi inayoonekana viingie kwenye bajeti kabla ya gia. Hizo ni gharama za faili.

Nyumbani fanya mambo haya wiki hii. Meza ile yenye nakala, keti nayo jioni moja, umwombe akueleze kila karatasi, usimfundishe. Pasipoti yake ifungue uangalie tarehe ya mwisho ya muhuri, uiandike kwenye kalenda ya dukani, palepale ulipoandika mashindano. Jumatatu mwende wote kwa mwenyekiti wa mtaa, wewe ndiye uongee. Ofisini mwende wote, uombe radhi kwa Ijumaa ile bila kuleta habari za mbio. Mama yako mwambie kwamba umesikia alichosema mkeo. Na dada yako mshukuru, lakini mwachie hapo.

Bi mdogo naye ahamishwe kutoka kwenye korido ya chumba. Nimekisia yuko huko, kweli si kweli?

Kuhusu Arusha: ada ya mashindano usilipe kabla hujaijua tarehe mtakayopangiwa ofisini. Zikigongana, anayesogea ni wewe, na wenzako waambie sababu yenyewe bila aibu. Huyo dereva wa watalii nina hakika anamjua mtu aliyepita njia hii. Zisipogongana, nenda ukatafute hiyo tano bora, na safari hii mchukue mkeo na binti. Ijumaa hiyo mlale wote kule, njia utaikagua Jumamosi asubuhi kama wengine. Pasipoti aibebe, na nakala ya stakabadhi ya ombi pia, maana njiani wanaweza kuulizia.